Hesabu ya ghasia bila polisi haijakamilika

Kuna jambo limekuwa likinikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kuliandika. Kila zinapozuka ghasia mahali fulani duniani, haipiti wiki kabla hajatokea mtu na ramani yenye vidoa vyekundu, akitangaza kwamba ghasia zinaenea kama ugonjwa. Nyuma yake huja mwingine mwenye programu ya kuuza, naye hudai kwamba tarakilishi yake inaweza kutabiri ni mtaa upi utakaowaka kesho. Wanasiasa huyapenda sana maneno hayo, na waandishi wa habari vilevile.

Mimi ni mwandishi wa programu na hesabu za aina hii nazipenda kuliko watu wengi ninaowajua. Ndiyo maana nataka kusema wazi kwamba namna hesabu hizi zinavyouzwa kwa wakubwa ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya kisiasa peke yake. Ni kasoro ya hesabu. Polisi huwekwa kama dawa inayoletwa kutoka nje kuja kuponya ugonjwa, ilhali polisi ni sehemu ya mlinganyo wenyewe. Ukimwondoa humo, jibu litakuwa baya hata kama programu yako haina hitilafu hata moja.

Tuanze mwanzo, maana si kila msomaji wangu amewahi kukutana na mambo haya.

Fikra ya kwamba umati ni kama ugonjwa ni ya zamani. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alichapisha kitabu chake kuhusu saikolojia ya umati, akadai kwamba mtu akishaingia katika kundi kubwa hupoteza akili zake na hisia humwambukiza kutoka kwa jirani. Mwaka 1927 wanasayansi wawili waliokuwa Uskoti, Kermack na McKendrick, wakaandika milinganyo ya kuenea kwa magonjwa ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu za aina hiyo. Unawagawa watu katika makundi matatu: wasioambukizwa bado, walioambukizwa, na waliokwisha kutoka kwa kupona au kufa. Kisha unaandika jinsi watu wanavyohama kutoka kundi moja hadi jingine kila siku. Wakati wa korona sote tulijifunza hesabu hii bila kupenda.

Ikabaki mtu wa kuunganisha mawili hayo. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Burbeck, Raine na Stark, walichukua ghasia za Los Angeles za 1965, za Detroit za 1967 na za Washington za 1968, wakazipima kwa milinganyo ya magonjwa. Ziliingia vizuri. Ghasia zilipanda, zikafika kilele, zikashuka, kama surua katika shule ya bweni.

Mwaka huohuo wa 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter alitoa makala yenye fikra tofauti kabisa, na mimi naiona kuwa ndiyo kazi bora zaidi iliyowahi kuandikwa kuhusu jambo hili. Yeye hakusema watu wanaambukizwa. Alisema watu wanaamua. Kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wakiingia kabla naye hajaingia. Kuna asiyehitaji kumwona yeyote, huyo kizingiti chake ni 0. Kuna anayengoja mmoja atangulie. Kuna mama mwenye kibanda cha mboga na watoto watatu, ambaye hatatoka mpaka mtaa mzima uwe umetoka. Wote wanaweza kuwa na hasira sawa. Wanachotofautiana ni gharama ambayo kila mmoja anaogopa kuilipa.

Programu ya kujaribu fikra hii haizidi mistari kumi. Iandike kwa lugha yoyote unayoipenda:

1. Waorodheshe watu 100, na vizingiti vyao viwe 0, 1, 2, 3, hivyo hivyo mpaka 99.
2. Weka idadi ya waliomo kuwa 0.
3. Hesabu watu wote ambao kizingiti chao ni sawa na idadi ya waliomo au kiko chini yake.
4. Hesabu hiyo ndiyo idadi mpya ya waliomo.
5. Ikiwa idadi imebadilika, rudi hatua ya 3. Ikiwa haikubadilika, chapisha jibu.

Iendeshe. Wa 0 anaingia, wa 1 anamwona anaingia, wa 2 anawaona wawili anaingia, na mwisho jibu ni 100. Uwanja mzima umewaka.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Yule mwenye kizingiti cha 1 mpe 2, na wengine wote waache walivyo. Iendeshe tena. Jibu ni 1. Mtu mmoja anarusha jiwe, tisini na tisa wanamtazama, kisha kila mtu anakwenda zake nyumbani.

Tafakari maana yake. Makundi haya mawili karibu hayana tofauti. Ukiwahoji watu wote, ukapima hasira, umaskini, umri na kabila, utapata wastani uleule. Lakini gazeti la kesho litaandika kuhusu la kwanza kwamba ulikuwa mji wa wakorofi, na kuhusu la pili kwamba raia wema walimshangaa kichaa mmoja. Granovetter mwenyewe aliliona hilo. Matokeo hayakuambii watu wana nini moyoni.

Aliendelea mbele kidogo. Alichukua watu 100 wenye kizingiti cha wastani wa 25, akabadilisha tu jinsi vizingiti vilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Mtawanyiko ukiwa mdogo, wanaoingia ni wachache. Ukiongezeka taratibu, wanaoingia wanaongezeka taratibu, mpaka unapofika kipimo cha 12 na ushei. Hapo wanaoingia wanaruka kutoka watu 6 hivi hadi karibu wote 100. Wastani haukusogea hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikuletea programu inayopima "kiwango cha hasira" cha kaunti na kukuonyesha kwa rangi, mwulize anapimaje mtawanyiko. Ukiona anababaika, funga kikao.

Haya basi, je, hesabu hizi zimewahi kutumiwa kwa ghasia halisi kwa data nzuri? Ndiyo, na nitataja kazi mbili ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni ya London. Tarehe 4 Agosti 2011 polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan huko Tottenham. Jumamosi tarehe 6 jamaa na majirani walikwenda kituo cha polisi kudai majibu. Usiku huo Tottenham ikawaka, na katika siku zilizofuata ghasia zikafika Brixton, Hackney, Croydon, Clapham na Ealing, kisha zikatoka nje ya London hadi Birmingham na Manchester. Watu watano walikufa. Jumanne tarehe 9 polisi 16,000 waliwekwa katika mitaa ya London na mambo yakatulia huko. Mwaka 2013 Toby Davies, Hannah Fry, Alan Wilson na Steven Bishop wa chuo kikuu cha UCL walichapisha modeli ya siku hizo, yenye hatua tatu. Kwanza mtu anaamua kuingia, kwa mfano wa ugonjwa. Pili anachagua mahali pa kwenda, na hapa walitumia hesabu zilezile zinazotumiwa kueleza jinsi wateja wanavyochagua soko: umbali, na ukubwa wa maduka. Tatu anakutana na polisi, anakamatwa au anatishika. Modeli ilifuata vizuri picha halisi: wengi walitoka mitaa yenye dhiki, na walikwenda karibu.

Ya pili ni ya Ufaransa. Tarehe 27 Oktoba 2005 vijana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi huko Clichy-sous-Bois, nje ya Paris, walijificha ndani ya kituo cha umeme na wakafa kwa kupigwa na umeme. Ghasia zilizofuata zilidumu wiki tatu hivi na kufika mamia ya miji, na tarehe 8 Novemba serikali ikatangaza hali ya hatari. Mwaka 2018 kundi la watafiti, wakiwamo Bonnasse-Gahot, Berestycki na Nadal, lilitumia data ya polisi ya kila siku na milinganyo ya magonjwa, na likaonyesha kwamba ghasia zilisafiri kama wimbi kuizunguka Paris, mtaa kwa mtaa. Cha ajabu ni kwamba wimbi lilisafiri lakini watu hawakusafiri. Kila kijana alichoma magari ya mtaani kwake. Kilichohama ni habari.

Unaona tofauti? London watu walifunga safari fupi kwenda madukani. Ufaransa walibaki nyumbani. Milinganyo inafanana kama pacha, lakini umati ni wa aina mbili. Hii haimaanishi kwamba hesabu ni upuuzi. Maana yake ni kwamba mstari unaopanda na kushuka kwenye grafu ni kama joto la mwili: linakuambia kuna homa, halikuambii ni malaria au ni taifodi.

Sasa nirudi kwa polisi.

Katika modeli ya London polisi wamo, na kazi yao ni moja: wakiongezeka, ghasia zinapungua. Kwa swali waliloulizwa watafiti wale, yaani polisi wangapi wangetosha, hilo linaeleweka. Lakini tazama cheche. Tottenham ilianza na risasi ya polisi. Clichy-sous-Bois ilianza na vijana waliokuwa wakikimbizwa na polisi. Katika data zote mbili polisi yuko siku ya kwanza kabla ya jiwe la kwanza, kisha anatoweka kwenye hesabu na kurudi akiwa zimamoto. Mwandishi wa programu yeyote akiona kitu kinachoandika kwenye data na wakati huohuo kinasoma kutoka kwenye data hiyohiyo, anajua ana mzunguko mikononi. Huwezi kuuandika kama mstari ulionyooka.

Rudi kwenye programu yetu ya mistari kumi. Chukua ule umati wa pili uliokoma kwa mtu mmoja. Polisi anafika, anamkuta yule mmoja, anampiga mbele ya watu wote mpaka anazirai. Tuseme kila aliyeona amekasirika kidogo tu, kizingiti chake kinapungua kwa 1. Iendeshe. Sasa jibu ni 100, na linafika kwa kasi mara mbili ya umati wa kwanza, kwa sababu kila mzunguko unaongeza watu wawili badala ya mmoja. Umati uliokuwa umeisha wenyewe umewashwa na aliyekuja kuuzima.

Kisha chukua ule umati wa kwanza uliowaka wote. Tuseme polisi amesimama tu pale, ameonekana, na kila mtu ameongeza woga kidogo, kizingiti kinapanda kwa 1. Jibu ni 0. Hakuna aliyeingia.

Polisi yuleyule, tofauti ni alama ya kutoa na alama ya kujumlisha. Kwa hiyo swali kubwa la hesabu nzima ni alama hiyo inatoka wapi, na hilo huwezi kulijibu ukiwa ofisini na tarakilishi. Wamelijibu watu waliokwenda kuangalia. Stephen Reicher alichunguza ghasia za St Pauls, Bristol, za Aprili 1980, zilizoanza baada ya polisi kuvamia mkahawa mmoja. Makala yake ya 1984 inaonyesha kwamba umati ule haukuwa umepoteza akili kama alivyodai Le Bon. Ulikuwa na mipaka. Ulilenga polisi, na ulipowatoa mtaani haukuwafuata nje ya mtaa. Baadaye yeye na Clifford Stott waliandika kwamba watu wa hasira tofauti huwa kitu kimoja pale polisi wanapowatendea wote kama adui mmoja.

Ukipenda kandanda utakumbuka kombe la Ulaya la 2004 nchini Ureno. Miji ya mechi ilisimamiwa na kikosi cha polisi kilichokubali ushauri wa Stott na wenzake: tembea na mashabiki, zungumza nao, silaha za ghasia zibaki garini, shughulika na mkorofi mmoja bila kuwagusa wengine. Mashabiki wa Uingereza, wenye sifa tunayoijua, walitulia. Katika mji wa Albufeira, uliokuwa chini ya kikosi kingine kisichofuata mbinu hiyo, ghasia zilitokea. Nchi ileile, mashabiki walewale, mashindano yaleyale. Ni nadra sana sayansi ya jamii kupata jaribio safi kama hilo.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo hesabu hii inapoacha kuwa mchezo.

Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi iliwaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake Oktoba 2008, na ikahesabu vifo 1,133. Kati ya hao, 405 walikufa kwa risasi. Risasi ndiyo iliyoua watu wengi kuliko kitu kingine chochote, zaidi ya mishale, zaidi ya mapanga, zaidi ya moto. Modeli ambayo polisi wake wana alama ya kutoa pekee inawezaje kuieleza data hii? Haiwezi. Ukimpa mwanafunzi wako data hiyo na modeli hiyo, atakuambia modeli imeanguka.

Ripoti hiyo inasema jambo jingine ambalo linaumiza vichwa vya wapenda milinganyo. Kuna mahali ghasia zilizuka zenyewe, na kuna mahali zilipangwa na kugharimiwa. Waswahili walisema zamani kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge hawakosi. Chukua tena ule umati uliokoma kwa mtu mmoja na uongeze mtu mmoja tu aliyelipwa. Kizingiti chake ni 0 kwa sababu kimenunuliwa. Wa 0 wanakuwa wawili, wale wa 2 wanaingia, na maporomoko yanaanza upya mpaka mwisho. Ukitazama grafu baadaye utaona wimbi zuri la maambukizi, linapanda na kushuka kama vitabuni. Aliyelipa haonekani popote. Tarehe 17 Juni 2025 tuliona wanaume juu ya pikipiki, wakiwa na marungu, wakiwashambulia waandamanaji katikati ya Nairobi mchana kweupe. Programu ya kutabiri ghasia ingewahesabu kama nini? Ingewahesabu kama umati.

Na Juni 2024 je? Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijitokeza katika kaunti nyingi kwa siku zilezile, na hawakuhitaji kuona jirani akitoka. Waliona kwenye rununu. Katika lugha ya Granovetter, idadi ya waliomo haikuwa tena wale walio mbele ya macho yako. Ilikuwa Nairobi, Mombasa, Eldoret na Nyeri kwa mpigo. Tarehe 25 Juni risasi zilipigwa nje ya bunge, na vijana wakafa. Tarehe 26 rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada. Modeli ya ugonjwa ingesema chanzo kimeondolewa, basi homa ishuke. Maandamano yaliendelea Julai, na wengi wa waliotoka safari hiyo hawakuwa wakitaja kodi. Walikuwa wakitaja majina ya waliouawa. Vizingiti vilikuwa vimebadilishwa na tarehe 25.

Tena kuna swali ambalo milinganyo hailiulizi kabisa. Ibara ya 37 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Ukiandika programu inayopunguza idadi ya "walioambukizwa", unapunguza nani? Aliyevunja duka, au aliyebeba bendera na chupa ya maji? Kwenye data ya waliokamatwa wote wawili ni mstari mmoja mmoja.

Hili si jambo la nadharia kwangu. Mwaka juzi kampuni moja iliniomba nikadirie gharama ya mfumo wa "tahadhari ya mapema" wa maandamano. Data yao ilikuwa kumbukumbu za watu waliokamatwa miaka ya nyuma, mtaa kwa mtaa. Niliuliza: mtaa ambao polisi huenda kila siku si utakuwa na waliokamatwa wengi, ramani itakuwa nyekundu, kwa hiyo polisi wataenda zaidi, na mwaka ujao utakuwa mwekundu zaidi? Nikajibiwa kwamba mteja anataka ramani, hataki falsafa. Sikuichukua kazi hiyo. Najua kuna mtu aliichukua, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa msimamo, na simlaumu sana. Ila napenda ajue anachojenga.

Wala hatuko peke yetu katika kujiuliza haya. Hannah Fry, mmoja wa wale walioandika modeli ya London, aliliambia gazeti la The Guardian mwaka 2019 jinsi alivyowasilisha kazi hiyo jijini Berlin kwa uchangamfu, akieleza jinsi polisi wanavyoweza kudhibiti jiji zima, na baadaye ndipo alipotambua alikuwa akiwaambia nani. Watu wa Berlin wanajua maisha chini ya dola la polisi. Tangu hapo amekuwa akitaka watu wa hesabu na teknolojia wawe na kiapo kama cha madaktari. Mimi naunga mkono, ingawa kiapo bila mazoea ya kazi ni karatasi tu. Kwa hiyo napendekeza mazoea matatu.

La kwanza, polisi aandikwe ndani ya modeli akiwa na alama zote mbili, na anayeuza modeli aonyeshe matokeo ya zote mbili. Asiyeweza kuonyesha kwamba hatua fulani inaweza kuongeza ghasia, hajapima lolote. Amechora tu matumaini ya mteja.

La pili, data itajwe mwenyewe. Nani alihesabu, alisimama wapi alipohesabu, na ni nani asiyeweza kuhesabiwa. Maiti iliyo mochari bila jina haimo kwenye orodha ya waliokamatwa.

La tatu, jibu lionwe na pande zote. Ikiwa hesabu inasema kwamba kesho mtaa fulani uko hatarini, basi mama wa mboga wa mtaa huo ana haki ya kujua sawa na kamanda wa kituo. Tahadhari inayofika upande mmoja tu haina tofauti na mtego.

Mtu ataniambia hilo la tatu ni ndoto. Sisi Wakenya hatuwezi kusema hivyo. Januari 2008, moto ukiwa bado unawaka, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda Ushahidi katika muda wa siku chache. Mtu wa kawaida alituma ujumbe kuhusu alichokiona, nao ukawekwa kwenye ramani ambayo kila mtu aliweza kuitazama. Programu ile ilikuwa huria na ikasambaa ulimwenguni kote. Ilikuwa ramani ya ghasia yenye vidoa vyekundu kama zile ninazozilalamikia, ila aliyeshika kalamu alikuwa mtu wa mtaani. Nayo ina matatizo yake, kwa mfano uvumi, na mtaa usio na simu kuonekana shwari. Lakini ni ushahidi kwamba hesabu hizi si lazima ziandikwe kutoka kiti kimoja.

Basi leo nakuachia zoezi. Andika ile programu ya mistari kumi, kisha mwongeze polisi ambaye kila akimpiga mtu, wanaokasirika wanapungua kizingiti na wanaoogopa wanaongezeka. Anza na nusu kwa nusu. Kisha badilisha kiwango cha wanaoona kwamba aliyepigwa alionewa, kutoka asilimia 10 hadi 90, na uchore jibu. Tafuta ni wapi mstari unaruka. Ukishapata namba hiyo, jiulize ni kitengo gani cha serikali kinachoipima hapa kwetu, na kama hakipo, wale wanaonunua programu hizi wanazilisha nini.